Dari inadondosha maji Februari bila mvua: je, kosa ni la utando wa paa?

"Ndugu mtaalamu, mimi na mume wangu tulihamia Montréal, Kanada, kutoka Bukavu, na miaka minne iliyopita tulinunua nyumba ya ghorofa yenye paa bapa, iliyojengwa miaka ya 1950. Sisi tunakaa juu, mpangaji yuko chini. Paa ni la lami na changarawe, na aliyetuuzia alisema lina zaidi ya miaka 20. Februari, baada ya wiki nzima ya baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, jua lilitoka na dari ya chumba cha watoto ikaanza kudondosha maji karibu na taa, ingawa hapakuwa na tone la mvua. Mafundi watatu wamekuja kwa zamu. Wa kwanza anataka kuweka elastomeri, wa pili mpira mweusi wa EPDM, wa tatu utando mweupe wa TPO, na kila mmoja anasema wa mwenzake hufa kwa baridi. Shemeji yangu naye anatuambia tupande na koleo, tuondoe theluji yote na tumwage chumvi kwenye tundu la maji. Tumsikilize nani? Na tukishaweka utando mpya, tuutunze vipi?"

Dada yangu, katika barua yako mna maswali mawili, na mafundi wote watatu wamekimbilia kujibu la pili. Wamekueleza utando upi uununue kabla hajatokea hata mmoja wa kukueleza maji yale yalitoka wapi. Mpangilio huo ni wa hatari, kwa sababu inawezekana kabisa kulipa maelfu ya dola kwa utando mzuri uliowekwa vizuri, kisha Februari inayofuata ukaweka beseni lile lile chini ya taa ile ile. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo utando wake ulikuwa haujatimiza mwaka. Nilikagua mishono yake yote nisione kasoro, na huku dari ikidondosha kama bomba lililochoka.

Tuanze basi na maji. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na hewa ya baridi hubeba kidogo sana. Mita moja ya ujazo ya hewa ya sebuleni kwako, ikiwa na nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40, imebeba kiasi cha gramu saba za maji ambazo huzioni. Hewa hiyo hiyo ikipoa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, haiwezi kushika zaidi ya gramu moja hivi. Sita zilizobaki lazima ziangukie mahali. Wakati wa baridi, hewa ya moto iliyo ndani ya nyumba hupanda na kusukuma kuelekea juu, ikitafuta kila upenyo: tundu la waya wa taa, nafasi iliyozunguka bomba la choo linalopanda hadi juu ya paa, kifuniko cha kupandia darini, au bomba la feni ya bafu lililochomoka bila mtu kujua. Ikishapenya katika uwazi ulio kati ya dari na mbao za paa, hukutana na mbao na misumari yenye baridi kali, na ule mvuke hugeuka jalidi, yaani barafu nyembamba nyeupe kama unga. Wiki moja ya baridi kali huipa jalidi hiyo muda wa kurundikana. Siku jua likitoka, mbao hupata joto, jalidi yote huyeyuka kwa mkupuo, na maji hushuka kupitia tundu lile lile ambalo hewa ilipandia. Ndiyo maana yalitokea kwenye taa.

Familia ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani, huweza kuachia hewani lita kumi hivi za maji kwa siku moja. Maharage yanayochemka kwa muda wa saa tatu bila kifuniko yana sehemu yake katika hesabu hiyo. Kule Bukavu mvuke wa jikoni ulijiendea zake kupitia madirisha na nyufa, wala hakuna aliyeufikiria. Hapa madirisha hufungwa miezi mitano, na mvuke haujui pa kwenda isipokuwa juu.

Hata hivyo, sitaki uondoke hapa ukiamini kwamba paa lako halina hatia. Siku ile ile ya jua iliyoyeyusha jalidi huyeyusha pia theluji iliyo juu ya paa, na lami yenye zaidi ya miaka 20 huenda imepasuka mahali. Dalili za mambo haya mawili hufanana, na fundi anayejua chanzo kwa kuitazama dari kutoka chini anabahatisha. Jiulize kwanza kama dari iliwahi kudondosha wakati wa mvua kubwa za Julai au Oktoba. Kama haijawahi hata mara moja, jalidi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kama kuna doa lenye pete za manjano linalopanuka kila mvua ikinyesha, utando ndio unaovuja. Kisha, asubuhi moja ya baridi kali, mume wako afungue kifuniko cha darini na kumulika kwa kurunzi: ncha za misumari zikiwa zimevaa jalidi, umepata jibu kubwa kuliko yote. Mwisho, katika miezi ya joto, fundi anaweza kufanya jaribio la maji, akimwagilia paa kwa mpira sehemu moja baada ya nyingine, kuanzia upande wa chini kwenda juu, akikaa dakika kadhaa kila sehemu, na mtu mwingine akiwa ndani anaangalia dari. Kwa maelezo yako, mimi naegemea upande wa jalidi. Lakini kwa umri wa paa lenu, utando nao unakaribia mwisho wa maisha yake, kwa hiyo pesa za kuubadilisha hazitapotea, mradi kazi hiyo itibu na ule ugonjwa mwingine.

Kuna njia mbili za kutengeneza paa bapa katika nchi ya baridi, na ubaya huanza pale zinapochanganywa. Ya kwanza ndiyo ya nyumba nyingi za zamani za Montréal: vihami joto, kama sufi ya nyuzi za kioo, hulazwa juu tu ya dari, kisha huachwa uwazi unaopitisha hewa ya nje, halafu zinafuata mbao za paa na utando. Uwazi ule hukausha unyevu kidogo unaoponyoka, lakini hauwezi kushindana na matundu yanayomwaga hewa ya moto mfululizo. Njia ya pili ni kuweka kizuizi cha mvuke juu ya mbao, kisha mabamba magumu ya kuhami joto, kisha utando, ili mbao zenyewe zibaki upande wa joto na mvuke usipate mahali baridi pa kugandia. Njia hii ni nzuri na ni ghali, tena huinua kimo cha paa, kwa hiyo ukingo na mabati ya pembeni hulazimika kuinuliwa pia. Usichokubali ni fundi anayekuambia atajaza ule uwazi wote kwa sufi "ili nyumba iwe na joto zaidi" na kuziba vitoa hewa. Hapo unyevu utaingia usipate pa kutokea, na mbao zitaoza kimyakimya chini ya utando mpya.

Kwa nyumba yenu, kazi ya kwanza, tena ya bei nafuu, ni kuziba matundu ya dari kutoka ndani au kutoka darini: kuizunguka taa, bomba la choo, vichwa vya kuta za ndani na kifuniko chenyewe, pamoja na kuhakikisha feni ya bafu na ya jiko zinatupa hewa nje kabisa ya nyumba. Nunua kipima unyevu cha mezani, nacho si ghali. Wakati wa baridi, unyevu ukae kati ya asilimia 30 na 40, na siku za nyuzi 20 chini ya sifuri ushushe hadi 30. Kama mna mashine ya kuongeza unyevu katika chumba cha watoto, izimwe siku hizo.

Sasa tuje kwenye utando. Madai kwamba huu au ule "hufa kwa baridi" yana historia yake. Lami ya kawaida ikizeeka hukakamaa na kupasuka, na katika miaka ya 1980 kuna mapaa ya zamani ya plastiki iitwayo PVC, yasiyokuwa na wavu wa nyuzi ndani, yaliyopasuka ghafla kama kioo siku za baridi baada ya kupoteza vilainishi vyake. Kumbukumbu hizo zimebaki vinywani mwa mafundi, na zimeangukia hata vifaa visivyohusika. Ukweli ni kwamba hizo tatu ulizotajiwa, zikiwekwa vizuri, huishi Montréal miaka mingi. Baridi peke yake si muuaji. Muuaji ni kunywea na kutanuka kila siku, ambako huvuta mishono na pembe, pamoja na maji yanayoingia katika ufa mdogo na kuganda humo. Maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na ufa wa jana kesho huwa mkubwa zaidi.

Elastomeri ni lami iliyochanganywa na mpira uitwao SBS, ambao huifanya ikubali kupinda hata katika baridi kali. Huwekwa kwa matabaka mawili, la juu likiwa limenyunyiziwa chembe za mawe za kuikinga na jua. Fadhila yake ni hayo matabaka mawili: fundi akikosea mahali kwenye tabaka moja, jingine huweza kumsitiri. Huvumilia kukanyagwa, na mafundi wa hapa wameizoea. Aibu yake ni moto, kwa kuwa tabaka la juu huyeyushwa kwa mwali wa gesi, na nyumba zenu ni za mbao kavu zenye miaka 70, zimeshikana ukuta kwa ukuta na za majirani. Dai tabaka la chini lipigiliwe misumari au liwe la kujigandisha lenyewe, mwali usiguse kamwe mbao wala kingo zenye nyufa, vizima moto viwe juu ya paa, na fundi abaki akilinda kwa muda baada ya kuzima gesi. Waarifu na watu wa bima kabla ya kazi. Vilevile hakikisha unauziwa lami ya SBS, kwa sababu ipo nyingine iitwayo APP, iliyochanganywa na plastiki badala ya mpira, ambayo hupenda jua kuliko theluji.

EPDM ni mpira wenyewe, na kwa kuvumilia baridi hakuna kati ya hizi unaouzidi, maana hubaki laini hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Huja kwa vipande vipana, kwa hiyo paa dogo lisilo na vikwazo huweza kufunikwa kwa mishono michache sana, na hakuna moto unaohitajika. Udhaifu uko kwenye hiyo mishono, kwa sababu hugandishwa kwa gundi na utepe. Uso ukiwa na vumbi au umande siku ya kazi, mshono utaachia baada ya miaka michache. Zaidi ya hayo, mpira huu hauelewani na mafuta. Kama feni ya jiko lako hutokea juu ya paa na unakaanga samaki mara kwa mara, mafuta yanayotua pale yatauvimbisha na kuulainisha, na itabidi sehemu hiyo iwekewe kinga.

TPO ni plastiki nyeupe ambayo mishono yake huunganishwa kwa hewa ya moto mpaka vipande viwili viwe kitu kimoja, na mshono uliofanywa sawasawa huwa na nguvu kuliko gundi yoyote. Ila ni utando wa tabaka moja, mgumu kidogo kushughulikia kwenye pembe na kuzunguka mabomba, na ubora wake umekuwa ukibadilika tangu uingie sokoni Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwenye paa kubwa la ghala ningeuchagua bila kusita. Kwenye paa dogo la nyumba lenye bomba la moshi, vitoa hewa viwili na ukingo pande zote, kazi yote iko kwenye pembe, na hapo ustadi wa fundi huwa na uzito kuliko jina la kifaa.

Kuhusu rangi, uliza ofisi ya wilaya yenu ya mji kabla ya kusaini chochote. Rosemont–La Petite-Patrie ilianza kudai mapaa yanayoakisi jua mwaka 2011, na wilaya nyingine zikafuata, kwa hiyo mpira mweusi usiofunikwa unaweza usiruhusiwe mnapoishi. Rangi nyeupe hupunguza joto la Julai, na kwa kuwa theluji hulifunika paa kipindi kirefu cha baridi, hasara yake wakati huo ni ndogo. Ila paa jeupe hukausha unyevu polepole kuliko jeusi, kwa sababu mbao zake hazichomwi na jua. Kwa nyumba yenye jalidi darini, hii ni sababu nyingine ya kuziba matundu kwanza.

Mimi ningechagua nini? Kwa nyumba uliyoieleza, elastomeri ya matabaka mawili yenye chembe nyeupe, baada ya kubandua lami na changarawe yote hadi kwenye mbao. Usikubali kufunika kipya juu ya cha zamani, kwani mbao zilizolowa hazitaonekana wala kubadilishwa. Lakini kama fundi wa EPDM ndiye pekee aliyepanda darini na kuuliza habari za feni na vitoa hewa, na wilaya inaruhusu, ningempa yeye kazi hiyo. Vyovyote iwavyo, kazi isubiri Mei au Juni, kwa sababu gundi nyingi hazishiki vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 5. Mtu akikuomba malipo ya awali ili aanze Machi kwenye theluji, mwambie asubiri.

Mwinamo nao usisahauliwe, maana paa bapa halipaswi kuwa bapa kabisa. Linahitaji angalau sentimita mbili kwa kila mita. Waashi wa Zanzibar na Lamu, waliokuwa wakipiga sakafu ya chokaa juu ya boriti za mikoko, waliuelewa mwinamo na wakayatupa maji nje ya ukuta. Montréal maji huelekezwa katikati ya paa na kushuka kwa bomba linalopita ndani ya nyumba, kwa kuwa bomba la nje lingeganda na kupasuka. Dimbwi linalokaa zaidi ya siku mbili baada ya mvua linaonyesha kwamba mwinamo umepotea au tundu limeziba. Ukibandua paa, huo ndio wakati wa kusahihisha.

Shemeji yako ana nia njema, lakini koleo la chuma limetoboa mapaa mengi kuliko theluji ilivyoyavunja. Theluji mpya ya sentimita 30 huweza kuwa na kilo 30 hivi kwa mita ya mraba, au pungufu. Ikishindiliwa na kulowa, unene huo huo huweza kuzidi kilo 100. Kwa kawaida paa la hapa lililo zima huvumilia theluji ya msimu wa kawaida. Ikilazimu kuipunguza, waite watu wenye mikanda ya usalama na makoleo ya plastiki, waiondoe kwa usawa pande zote, na waache sentimita tano hadi kumi chini ili wasiuguse utando. Chumvi msiimwage: hula shaba na chuma cha tundu, misumari na mabati ya pembeni. Tundu likiganda, fundi huliyeyusha kwa maji ya moto au mvuke, kamwe si kwa mwali.

Utunzaji wenyewe hauchoshi. Mpandie paa mara mbili kwa mwaka, Mei baada ya theluji, na Novemba majani ya miti ya huku, hasa ile mieple, yakishaanguka yote. Safisheni chujio la tundu kwa mkono, tazameni kama mabati ya ukingoni yamelegea na kama gundi ya maungio imepasuka, zungukieni kila bomba, na mpige picha pembe zile zile kila mara ili mwaka ujao muwe na cha kulinganisha. Malengelenge madogo yasiyofunguka yaacheni. Ukiyatoboa umejitengenezea tundu. Kwenye paa lenu la sasa, changarawe ikihama na lami ikabaki wazi, irudisheni kwa ufagio laini, kwa kuwa ndiyo kinga yake dhidi ya jua.

Kabla ya kusaini, hakikisha fundi ana leseni ya Régie du bâtiment du Québec, yaani mamlaka ya jimbo inayosimamia ujenzi, na uiangalie namba yake katika orodha yao mwenyewe badala ya kuamini karatasi aliyokuonyesha. Mkataba utaje mbao zilizooza zitabadilishwa kwa bei gani, maana hilo ndilo eneo la mshangao, na utenganishe dhamana ya kifaa, ambayo hutolewa na kiwanda, na dhamana ya kazi, ambayo ni ya fundi na ndiyo utakayoihitaji zaidi.

Mambo machache hayangoji majira ya joto. Kwa kuwa maji yalipita kwenye taa, zima umeme wa chumba hicho na umwite fundi umeme sasa, hata kama pamekauka. Dari ikianza kutuna, weka ndoo na utoboe tundu dogo katikati ya uvimbe ili maji yashuke kabla haijaanguka, na watoto wasilale humo. Na siku milango ya ndani ya ghorofa ya juu ikianza kugoma kufunga, au nyufa mpya zikatokea ukutani huku paa limebeba theluji nzito, tokeni nyote pamoja na mpangaji wa chini, kisha mpige simu 911 mkiwa nje.